Samaki wa Misali na Watu wa Jumamosi



Kisa cha watu wa Jumamosi si kigeni kwako. Mtoto wa chuoni hukipitia afikapo Suratul-A'raf, na mzee hukisikia barazani. Palikuwa na mji kando ya bahari, ambao wengi wa wafasiri wamesema ni Ayla, huko uliko mji wa Aqaba hivi leo. Wana wa Israili waliokaa humo walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Mwenyezi Mungu akawapa mtihani: Jumamosi samaki huwajia juu juu ya maji, wakaonekana kwa macho, siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanaeleza kwamba baadhi ya watu wakafanya hila, wakawa wanatega Ijumaa na kukusanya Jumapili, ili ulimi upate kusema, "Sisi Jumamosi hatukuvua."

Kisa hiki nilikuwa nikikijua kwa masikio. Kukiona kwa macho nilikiona siku niliyokwenda kuzamia katika miamba ya Misali, na hayo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, mkabala wa Chake Chake. Wazee huhadithia kwamba Nabii Khidhri aliwajia wavuvi wa hapo akawaomba msala wa kusalia. Walipomwambia kuwa hawana, akasema kisiwa chenyewe ndio msala, kwani kimelala kuelekea Kibla. Hayo ni masimulizi, na ujuzi wake uko kwa Mola. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kuwa kisiwa hicho na bahari yake ni hifadhi. Uvuvi haukukatazwa kote; wavuvi waliachiwa sehemu kubwa wavue kwa zana za halali, ikafungwa sehemu moja tu ya upande wa magharibi, ambako havuliwi hata dagaa.

Tulitoka Wesha asubuhi kwa mashua ya mashine, watu sita, na mmoja wetu ni mpwa wangu wa miaka 12. Aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo, mvuvi mtoto wa mvuvi, ambaye siku hizo kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Kabla hajatugawia miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia alitupa masharti. Usisimame juu ya tumbawe. Usiguse kitu. Usiokote chaza wala kombe, hata aliyekufa. Piga miguu polepole usitimue mchanga. Nahodha naye alitafuta mahali penye mchanga mtupu ndipo akatia nanga. Sisi tulivaa suruali ndefu na fulana za mikono mirefu. Sitara haimzuii mtu kuogelea, na tena humkinga mgongo na jua.

Basi, ndugu msomaji, nilipotia uso majini nilibaki kusema Subhanallah moyoni, maana mdomo ulikuwa umeziba kwa mrija. Sisi watu wa pwani twaijua bahari kwa juu: twajua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Chini yake wengi wetu hatujapata kupaona. Yako matumbawe mfano wa pembe za paa, yako mfano wa majani ya kabichi, na yako ya duara kama majabali. Palikuwa na tasi makundi kwa makundi, changu, na chewa mmoja mkubwa aliyejificha chini ya mwamba akitutazama kama mzee wa nyumba. Pono walikuwa wakilitafuna jiwe, na mlio wa meno yao twausikia. Kiongozi alituambia baadaye kwamba jiwe hilo pono hulisaga tumboni akalitoa mchanga, na mchanga mweupe wa fukwe zetu mwingi hutokana na kazi yake.

Nasema jiwe, na kumbe tumbawe ni nyumba ya viumbe hai. Ni vinyama vidogo mno vinavyojijengea kwa chokaa, kizazi juu ya kizazi. Ndani ya miili yao hukaa vimea visivyoonekana kwa jicho, ambavyo huwalisha na kuwapa rangi. Maji yakizidi joto vimea hivyo hutoka, tumbawe likawa jeupe, na joto likidumu hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule ule wa 1998, ilipopashwa moto Bahari ya Hindi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa, na ya Misali hayakusalimika. Kukua kwake ni kwa taratibu. Tumbawe la duara huongeza kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, hata lile tuliloliona limefikia kimo cha mpwa wangu lilianza kabla ya babu yangu kuzaliwa. Nanga moja iliyotupwa ovyo hulivunja kwa dakika moja.

Tulipopanda mashuani kijana aliuliza, "Mjomba, mbona samaki wa huku hawatukimbii?"

Kiongozi akamjibu yeye, "Kwa sababu hapa hatuwavui, mwanangu. Wamekwisha kujua."

"Basi mtu akitaka kuwachukua ni rahisi."

Yule bwana akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Hapo ndipo penye kazi, Maalim," akaniambia mimi. "Kwingine mtu hutwa nzima na mshipi, akapata kitoweo cha siku moja. Hapa samaki wanakuja wenyewe."

Hapo nikawakumbuka watu wa Jumamosi. Samaki walikuja pale pale palipokatazwa, na siku ile ile iliyokatazwa. Mtihani wao haukuwa wa njaa peke yake. Ulikuwa wa kuiona neema mbele ya macho na mkono ukazuilika.

Tulisali adhuhuri ufukweni, na baada ya chakula yule bwana akanieleza lililokuwa likimkaa moyoni. Usiku mmoja aliwakuta watu na juya ndani ya sehemu iliyofungwa, na mmoja wao ni shemeji yake, ndugu wa mkewe. Hakupiga kelele. Kesho yake baada ya Isha alimwendea nyumbani akamnasihi. Shemeji akamwuliza, "Nikawalishe wanangu miwani ya wageni?" Tangu siku hiyo mama mkwe hakumsemesha. Majirani nao walimwambia, "Mwache mwenzio, hiyo ni riziki yake. Wewe yakuhusu nini?"

Sasa turejee katika kisa, kwani watu wa mji ule walikuwa makundi matatu. Moja lilivunja amri. La pili lilikataza. La tatu halikuvua, wala halikukataza. Liliwaambia wanaonasihi kwamba hapana faida ya kuwapa mawaidha watu ambao Mungu atawaangamiza. Qur'ani imetaja waziwazi kuokoka kwa waliokataza na kuadhibiwa kwa waliodhulumu. Kundi la tatu imelinyamazia, na wanazuoni wakakhitalifiana juu ya mwisho wake. Mimi neno la majirani wale lilinitisha kuliko juya la shemeji. Shemeji alikuwa na watoto wa kulisha. Wao waliosema "yakuhusu nini" walikuwa na dharura gani?

Huenda ukasema, ndugu msomaji, kwamba sisi hatukuamrishwa Jumamosi, na bahari ni halali yetu. Kweli. Walakini kutenga mahali kwa maslaha ya wote si jambo la kigeni katika dini yetu, na jina lake ni himaa. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) akaitenga Rabadha. Na tazama namna alivyomuusia mlinzi wake: aogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini asiwaruhusu wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan, kwa kuwa hao wakifiwa na mifugo wanayo mashamba ya kurejea. Maskini mifugo yake ikifa, atamjia Khalifa na watoto wake akidai haki.

Hilo ndilo jawabu la swali la shemeji, nalo linatudai sisi sote. Himaa isiyomtazama mnyonge haijatimia. Ikiwa mvuvi amefungiwa mwamba, basi lile linalopatikana kwa wageni wanaokuja kuutazama limfikie kijijini kwake, katika kisima, skuli na zana bora. Wala mwenye mashua kubwa asipite usiku pale ambapo mwenye ngalawa amezuiliwa mchana. Tukitaka mtu azuie mkono wake tusimwache na njaa peke yake. Naye mvuvi ajue kwamba mwamba ule ndio kitalu cha samaki. Wale wakubwa wanaosalia humo hutaga mayai mengi, na wengine hutoka nje ya mpaka wakamfuata kwenye dema lake.

Nasi tulio majumbani tusijione tu mbali na kisa hiki. Juya, utupa na baruti vyote huishia katika chungu cha mtu. Wewe mama unayekwenda sokoni, mtazame samaki kabla ya kulipa. Wa baruti nyama yake hulegea, mifupa huvunjika na damu huvilia ndani. Ukiletewa changu wasiozidi kidole, ujue ni watoto waliokuwa hawajazaa. Nyama ya kasa usiipokee, hata ukiletewa zawadi. Mwambie muuzaji kwa upole kwa nini hununui. Upole huo na ufike hata kwa jamaa, maana nasaha ya sokoni ni nyepesi, ya kwa mama mkwe ndiyo nzito. Nanyi mnaokodi mashua za matembezi sikukuu, mwulizeni nahodha atatia nanga wapi kabla hamjapanda.

Na ukijaaliwa, mpeleke mwanao akaangalie chini ya maji pamoja na mtu anayeujua mwamba. Mpwa wangu tangu siku ile akila samaki huuliza amevuliwa wapi, na nyumba nzima imezoea kutafuta jibu.

Yule bwana nilimwuliza kama angali akimwendea shemeji yake. Akasema humwendea kila Ijumaa baada ya sala, wakanywa kahawa, naye humwambia neno lile lile. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kukataza kwa hekima, wala asitutie katika kundi lililonyamaza likanyamaziwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.