Santuri Haina Macho

Katika mji wetu wa Kabalo watu hupenda kubishana juu ya orkesta. Huyu ni mtu wa OK Jazz, yule ni mtu wa Zaïko Langa Langa. Mabishano hayo si mabaya. Lakini ukisikiliza vizuri utaona kwamba wapenzi wa muziki ni wa namna mbili. Wa kwanza husifu wimbo: maneno yake na sauti ya mwimbaji. Wa pili husifu siku: siku ile orkesta ilipopiga mbele ya watu, na jambo lililotokea siku ile tu, wala halikurudi tena. Nataka kusema juu ya hao wa pili, maana wanajua jambo ambalo sisi wengine twaweza kulipoteza.

Natoa mfano wa Zaïko. Orkesta hiyo ilianzishwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, na vijana wadogo. Kabla yao orkesta kubwa, kama OK Jazz ya Franco iliyoanza mwaka 1956, zilikuwa na tarumbeta na saksafoni. Vijana hao waliweka kando vyombo vya kupuliza, wakaacha magitaa na ngoma zishike nafasi. Wimbo wao huanza polepole, wenye maneno mengi. Kisha hugeuka kuwa sebene, yaani ile sehemu ambayo magitaa hukimbizana na watu husimama kucheza. Mdundo wao mmoja huitwa kavacha. Husimuliwa kwamba mpiga ngoma wao, Meridjo Belobi, aliutoa katika mlio wa gari la moshi, walipokuwa safarini Kongo-Brazzaville. Sisi wa Kabalo, ambapo njia za reli za Kamina, Kindu na Kalemie hukutana, hatuoni shida kuamini habari hiyo.

Sasa tuangalie tofauti. Zamani santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande. Mara nyingi wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Mwenye gramafoni alipogeuza santuri, wachezaji walisimama wakingoja. Lakini orkesta ikipiga mbele ya watu, hakuna kugeuza upande. Sebene hudumu kadiri watu wanavyoitaka.

Nani huamua? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zaïko waliwachukua vijana waliokuwa wakipiga ngoma za mtaani, mmoja wao Nono Monzuluku, wakawapa kazi ya kupaza sauti na kuwaamsha wachezaji. Mkononi walitikisa kopo la dawa ya wadudu lililotiwa mbegu. Waliitwa atalaku, jina litokalo katika Kikongo, maana yake kama kusema, “Tazama huku.” Atalaku huwataka watu wamtazame, lakini na yeye huwatazama. Akiona miguu imechoka, hubadili mwito. Mpiga ngoma humsikia, gitaa hufuata. Basi, mtu aliyekuja kusikiliza tu, kumbe naye amekwisha tia mkono katika kazi.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja jirani yangu, mtumishi wa reli wa zamani. Katika ujana wake alikaa Kinshasa miaka kadha, akawaona Zaïko zaidi ya mara moja. Seminarini mimi nilisoma nota, nikazoea muziki ulioandikwa tangu mwanzo hata mwisho. Mzee hakujua nota hata moja. Lakini tukisikiliza wimbo katika simu yangu aliweza kuniambia, “Hapa, usiku ule, gitaa halikupita. Lilisimama palepale, kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa akicheza peke yake.” Alikuwa ametunza moyoni, miaka arobaini na zaidi, jambo ambalo halimo katika santuri yoyote.

Mzee alipofariki, jamaa walikutana juu ya usiku wa mwisho wa matanga. Mwana wake mkubwa alitaka kukodi vipaza sauti na jenereta. “Mwalimu,” aliniambia, “baba alipenda Zaïko. Tumpe Zaïko wenyewe, sauti safi. Vijana wetu wa hapa magitaa yao yamefungwa nyaya za breki za baiskeli. Watatuaibisha mbele ya wageni.” Neno lake halikuwa la kijinga. Wageni walikuwa wengi, na heshima ya baba ni heshima ya nyumba.

Mjane alikuwa ameketi mkekani. Akaniuliza, “Mwalimu, na wewe wasemaje?”

Nikamjibu, “Mama, wewe ulikaa naye. Alipenda nini zaidi, wimbo au watu?”

Akanyamaza kidogo, akasema, “Santuri alizigawa zote. Watu hakumfukuza hata mmoja.”

Basi wakaitwa vijana. Walipiga tangu jua kuzama. Kweli, uzi mmoja ulikatika, na mwimbaji alisahau maneno. Karibu na usiku wa manane mjane aliinuka, akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kucheza taratibu, peke yake. Mpiga gitaa alikuwa karibu kubadili sauti. Alipomwona, hakubadili. Alirudia ileile, akaipunguza, akamngoja. Mama alicheza mpaka alipotosheka, akarudi mkekani. Hapo ndipo gitaa likaendelea na safari yake. Mwana mkubwa aliondoka mahali pake kimya, akaenda kumtuza kijana yule, akibandika noti juu ya paji la uso wake, kama ilivyo desturi.

Ndugu, vipaza sauti vingeweza kulia kwa nguvu kuliko vijana wale mara kumi. Lakini santuri haina macho. Mjane akiinuka, haimwoni. Itampita.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa wanadamu wote. Tulifurahi, na ilifaa tufurahi. Lakini tuelewe vema: kilichoandikwa si sanduku la santuri. Ni desturi hai, itokayo kwa watu wazima kwenda kwa vijana. Desturi hiyo ikikosa watu wa kuikalia mpaka usiku, itabaki jina tu. Leo kila kijana ana nyimbo elfu katika simu, na waya masikioni. Husikia kila kitu, wala hakuna amwonaye. Tena katika miji mikubwa wako wenye fedha wanaolipa ili majina yao yatajwe katika nyimbo. Hapo mwimbaji humtazama mwenye mfuko, akawasahau wachezaji.

Sisi wa Kabalo hatuwezi kuileta orkesta kubwa kila mwezi. Kinshasa ni mbali, na gari la moshi huja lijapo. Lakini vijana wenye magitaa tunao. Wakipiga harusini au matangani, tusiwe watu wa kupita. Tukae. Tucheze, tuwatuze kidogo tulichonacho, na wakikosea tuwangoje, kama wao wanavyojua kutungoja.