Chamchanga wa Lorian

Nilipokuwa mtoto Habaswein, kinamasi cha Lorian kilikuwa kimbilio. Kiangazi cha jilaal kikikausha mabwawa ya Wajir, wenye ng'ombe walihamia huko, kwa kuwa maji ya Ewaso Ng'iro, yanayotoka Mlima Kenya na Nyandarua, yalitanda bondeni na kuotesha nyasi zinazomfika ndama tumboni. Nikichunga, nilianza kutazama ndege: yangeyange nyuma ya ng'ombe, bata bukini wawili wawili, korongo wenye upara ambao mjini Wajir hushinda machinjioni.

Aliyenivutia kuliko wote alikuwa mdogo, wa kahawia mwenye madoa meupe mgongoni, akitembea topeni huku akitikisa mkia. Alifika wakati wa hagaa, msimu mkavu, mvua za deyr zikiwa bado mbali, akatoweka mvua za gu zilipoanza. Awowe, babu yetu, alituambia ni msafiri kama sisi, na msafiri huulizwa kwanza kama amepata maji.

Mvua za El Niño za mwaka wa 1997 zilikata barabara, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Maji yalipotulia, Lorian ilikuwa ziwa. Wingi wa ndege niliouona baada ya mafuriko yale sijauona tena.

Jina la yule mdogo nililipata baadaye, nikiwa mwalimu, nilipopata darubini na kitabu cha ndege cha Zimmerman, Turner na Pearson. Ni chamchanga. Huzaliana katika vinamasi vilivyo ndani ya misitu ya misonobari ya Ufini, Skandinavia na Urusi hadi Siberia. Kuanzia Agosti huwa ameshafika Kenya, na mwili wake hauzidi sana gramu 60. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuiona Lorian kama malisho yetu peke yetu. Kuna kiumbe aliyeanguliwa karibu na theluji ambaye uhai wake ulitegemea tope la Habaswein.

Nilijua hayo tope lenyewe likiwa limeanza kupungua. Huko juu, Laikipia na kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mashamba ya umwagiliaji na miji inayokua huchota maji ya mito inayoulisha Ewaso Ng'iro. Miaka ya ukame mto hukatika hata Archer's Post, mbali kabla ya Lorian. Palipokuwa na nyasi nilianza kuona miti ya mathenge, na miiba yake haina faida kwa ng'ombe wala kwa ndege wa topeni. Kisha, kati ya mwisho wa 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mitupu. Bonde lilipasuka, mizoga ikalala kando ya njia, na chamchanga niliowaona walikuwa kwenye maji yaliyomwagika kando ya birika za kisima, wakipenya kati ya miguu ya ngamia. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalijaza mabonde, lakini mafuriko ya msimu mmoja si mto.

Huko chamchanga wanakozaliana pia mambo yalibadilika. Ufini ilichimba mitaro na kukausha zaidi ya nusu ya vinamasi vyake, hasa miaka ya 1960 na 1970, ili miti ya mbao istawi. Leo baadhi ya mitaro hiyo inazibwa ili maji yarudi.

Kenya imo katika Mkataba wa Ramsar tangu 1990, na hakuna hata sehemu moja ya Wajir katika orodha yake ya ardhi oevu. Lorian inastahili kuwamo. Lakini orodha haileti maji. Kuanzia Nyandarua hadi Habaswein, maji ya bonde lote yagawanywe huku fungu la kinamasi likitengwa mwanzo, wala si kuachiwa masalio. Atakayefaidika kwanza ni mfugaji, atakapopata nyasi za jilaal. Chamchanga hahitaji zaidi ya ukingo wa maji hayo hayo.