Kulia na Kulialia

Kitenzi "lia" kina kazi nyingi katika Kiswahili. Mtoto hulia, jogoo hulia, kengele hulia, na ngoma nayo hulia. Si lazima anayelia awe na huzuni. Yatosha atoe sauti. Huzuni huingia zaidi kitenzi kinapoongezewa viungo. "Kulilia" ni kumtamani aliyekosekana. "Kuliza" ni kumtoa mwenzio machozi, na watu wa mjini husema mtu "kalizwa" akitapeliwa fedha zake. "Kilio" kimepanda daraja hata kikawa jina la msiba wenyewe: aendaye kilioni huenda kumpa pole mfiwa, alie asilie.

"Kulialia" ni neno la nyumbani, la uani na jikoni. Shina limetajwa mara mbili, kama katika "tembeatembea" na "chekacheka", na maana inayopatikana ni ya tendo linalokwenda likirudi pasipo lengo. Ni machozi ya rejareja. Mtoto aliyenyimwa kitu huambiwa, "Acha kulialia!", na mzazi mwenye huruma nyingi hukumbushwa kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mashabiki wa timu iliyofungwa wakimlaumu mwamuzi, wapinzani huwaambia wanalialia. Kwa hiyo neno hili hubeba hukumu. Anayemwambia mwenziwe kwamba analialia amekwisha kuamua kuwa machozi yale hayana sababu.

Likisemwa katika nafsi ya kwanza, hata hivyo, mambo hubadilika.

Mama mmoja wa Unguja, mtu mzima, alihamia Uingereza kwa binti yake baada ya kufiwa na mume. Miezi ikapita, usingizi ukamkimbia, akapelekwa kwa daktari. Binti ndiye aliyekuwa mkalimani. Daktari aliuliza mama anashindaje mchana. Mama aliitazama mikono yake, akajibu, "Sina kitu, mwanangu. Nalialia tu."

Binti alitafsiri nusu ya kwanza: mama hana tatizo. Nusu ya pili aliiacha. Hakukusudia kuficha; masikioni mwake neno lile lilikuwa la utotoni, la kukemewa, na alimwonea mama haya kulisema mbele ya mgeni. Isitoshe, lilikuwa limefungwa kwa "tu", kana kwamba msemaji mwenyewe amelifuta. Daktari akaandika vidonge vya usingizi, wakarudi nyumbani.

Usiku ule binti alisikia bomba la jikoni likimwaga maji kwa muda mrefu. Aliposhuka alimkuta mama amesimama mbele ya beseni lisilo na chombo hata kimoja. Maji yalikuwa yamefunguliwa ili yafunike sauti. Hapo ndipo alipofahamu kwamba mama alikuwa amejibu swali la daktari kwa ukamilifu. Alijihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa, akachagua neno la watoto ili asimtie mwanawe wasiwasi. Ile "tu" haikupunguza kitu, ilikuwa pazia.

Walirudi kwa daktari. Safari hii binti alieleza kwa urefu: kwamba machozi humjia mama bila kuitwa, akikunja nguo, akimenya viazi, akisikia adhana katika simu, kwamba hukatika kisha huanza tena, kwamba hasemi anamlilia nani, ingawa nyumba nzima inajua, na kwamba huona aibu, kwa kuwa siku za matanga zilikwisha zamani na mfiwa hutarajiwa kuwa amenyamaza. Daktari aliweka kalamu chini, akaanza kuuliza maswali mengine.

Walipotoka, mama aliuliza, "Ulikuwa ukimwambia nini muda wote ule?"

"Nimemwambia unalialia, mama."

Mama alitembea hatua kadhaa kimya. "Neno moja hilo," alisema, "ndilo limekula saa nzima?"