Taa Nyekundu za Kibodi

Wasee, leo naungama. Zamu ya mamangu kwenye chama ilipofika, alinipa shilingi 45,000. “Nunua laptopu ya masomo.” Nikashuka Luthuli Avenue, nikaona moja ya gemu, mtumba, kibodi inawaka taa nyekundu. Manze, nikalainika. Niliuliza kama inacheza GTA V. Betri sikuuliza.

Wiki ya tatu chuoni tukafanya CAT ya mtandaoni. Watu 60, soketi 4. Dakika 40 tu, skrini ikazima nikiwa swali la 7. Jioni mama akapiga simu: “Laptopu inakusaidia, mwanangu?” Nikamjibu, “Sana.” Hiyo “sana” iliniuma kuliko zile alama.

Kwa hivyo wewe unayeenda kununua, anza na siku yako ya darasani. Ukiwa palepale dukani, chomoa chaja, cheza video nusu saa, uone betri inashuka aje. Tafuta SSD na RAM ya 8GB. Uliza kama RAM inaweza kuongezwa baadaye, maana nyingi hukubali. Kadi ya grafiki ni hadithi nyingine: kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha. Lakini si kila gemu inaihitaji. Valorant ni nyepesi, hucheza hata kwa grafiki ya ndani ya prosesa.

Mimi bado natembea na chaja nzito kama tofali. Likizo hii nitamwambia mama ukweli.