Twiga Ambaye Hakuwahi Kumwona

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, wanaishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni huko ambako mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipata funzo linalowahusu wazazi wote, wa kambini na wa uraiani.

Siku moja mwalimu huyo alirejea kutoka Mbarara na kalenda kuukuu yenye picha ya mtindo wa Tingatinga. Aliitundika ukutani, akawaagiza watoto waichore. Msichana mmoja, mzaliwa wa Masisi nchini Kongo, alimtoa twiga sawasawa, doa kwa doa. Darasa zima likashangilia.

Jioni baba yake alifika, daftari mkononi.

"Mwalimu, hili ni daftari la hesabu. Jingine nitalitoa wapi? Na huyu twiga, mtoto amemwona wapi?"

Swali la kwanza lilikuwa la haki. La pili ndilo lililomnyima mwalimu usingizi, kwani msichana hakuwahi kumwona twiga maishani mwake. Alikuwa ameazima macho ya mtu mwingine.

Hapo mwalimu akatambua kosa lake. Aliwaonyesha watoto kazi ya msanii, lakini hakuwaeleza jinsi msanii afanyavyo kazi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya mbao nyembamba, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alitumia kilichopatikana. Sam Ntiro wa Machame alisoma Makerere, ambako Bi. Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937. Naye alichora wanavijiji wa Kilimanjaro wakiwa kazini. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwaonya vijana waziwazi dhidi ya kunakili.

Juma lililofuata mwalimu aliigeuza kalenda, picha ikatazama ukuta. Akagawa makaa na vipande vya maboksi, daftari zisiguswe.

"Wanangu," alisema, "Tingatinga hakuogopa mstari mnene. Igeni ujasiri huo. Ntiro alichora watu wa kwao. Nanyi chora watu wa kwenu."

Msichana yule alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaanza. Alimchora bibi kizee kwa nyuma, ameinama chini ya mzigo wa kuni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mgongo ulijaza boksi zima.

Baba alipofika tena alisimama mbele ya picha ile bila kusema neno. Hatimaye akatamka, "Huyu ni mama yangu." Walipokimbia vita, mama huyo alibaki Masisi. Baba aliomba apewe picha, akaifunga kwa nailoni isilowe mvua, akaenda zake. Habari ya daftari hakuiuliza tena.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mzazi ampendaye mwanawe na amwonyeshe kazi za wasanii mashuhuri, kisha amwulize: Msanii huyu alisimama wapi alipotazama? Amekuza nini, ameacha nini? Kwa nini ametumia rangi hii? Mtoto akishajibu, picha ifunikwe, naye achore kitu cha nyumbani kwake: mama jikoni, baba akipiga pasi sare yake, foleni ya maji bombani.

Makaa hupatikana katika kila jiko, na boksi hutupwa kila siku dukani. Kinachohitajika zaidi ni mzazi atakayeitazama picha mpaka mwisho kabla ya kuuliza habari ya daftari.