Kisanduku Kizito



Mwaka uliopita, sisi vijana watano wa mtaa mmoja wa Kadutu, mjini Bukavu, tuliamua kujiundia kompyuta, ile ambayo wengi wetu huiita ordinateri. Hatukuwa mafundi. Wawili kati yetu walikuwa wanafunzi, mmoja alibeba mchanga, mmoja aliuza makala sokoni, na mmoja hakuwa na kazi. Tulitaka mashine ya kuandikia kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo, ili malipo yao yatusaidie, na jioni tujifunze programu. Kwa miezi 11 tuliweka akiba katika kopo la maziwa, leo dola moja, kesho faranga chache, hata zikatimia dola 290.

Fundisho la kwanza lilitujia dukani. Tulikuwa tumechagua prosesa ya Core i3-8100, iliyokwisha kutumika, kwa sababu ina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi nyingine ya kununua. Muuzaji akatutolea ubao mama wenye tundu la LGA 1151, jina lile lile lililoandikwa kwenye maelezo ya prosesa yetu. Tulikuwa karibu kulipa. Bahati njema, Papa Fundi anayetengeneza redio jirani na kwetu alikuwa ametuonya. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 huketi katika tundu hilo, na za kizazi cha 8 na cha 9 pia. Lakini hizi za pili zinahitaji ubao wa namba za 300, kama H310. Ubao ule wa zamani ungeipokea prosesa yetu vizuri kwa macho, wala usingewaka. Tulitambua kwamba kufanana si kupatana, tukarudi nyumbani mikono mitupu, tukangoja majuma matatu hata ubao uliofaa ulipopatikana.

Katika kumbukumbu ya RAM tulitumia busara pia. Tulinunua kipande kimoja cha GB 8 cha aina ya DDR4, tukaacha nafasi ya pili wazi kwa siku za mbele. Diski tulichukua ya SSD ya GB 240, ndogo kuliko zile za kuzunguka, lakini yenye wepesi mara nyingi zaidi. Tukapata skrini ya zamani, kibodi na panya. Hapo zilibaki dola 80, na hapo ndipo busara yetu ilipoishia.

Vilikuwa bado kasha la nje, kisanduku cha umeme, yaani kile kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaofaa sehemu za ndani, na stabilizateri ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Dada yetu muuza makala alifanya hesabu: kasha la kawaida dola 15, kisanduku cha umeme kizuri dola 40, stabilizateri dola 25. Jumla 80 kamili. Lakini sisi wengine tulikuwa tumeona kasha lenye kioo ubavuni na taa za rangi nyekundu, buluu na kijani. Bei yake dola 60. Tulisema kwamba wateja watavutwa na taa zile. Kwa dola 20 zilizobaki tulipata kisanduku cha umeme kilichoandikwa wati 500, chepesi mkononi kama kopo tupu. Dada alisema, "Ndugu zangu, kitu cha kubeba umeme hakiwezi kuwa chepesi hivi." Tulicheka. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, na mikono yote mitano ikainuka.

Kwa siku tisa kasha letu liliangaza chumba kizima, na watoto wa mtaa walikuja kulitazama. Siku ya kumi umeme ulikatika, kama tulivyozoea. Uliporudi jioni, mdogo wetu, yule asiye na kazi, alichomeka waya na kuiwasha mashine. Tulisikia mlio mmoja mfupi, kisha harufu ya kuungua. Kisanduku kilikuwa kimekufa, na ubao mama pamoja nacho.

Tunaona haya kuandika yaliyofuata. Hatukuulizana juu ya kisanduku. Tuliuliza, "Nani aliwasha?" Mdogo wetu aliinamisha kichwa, akaondoka, na kwa majuma mawili hakuonekana tena kati yetu.

Papa Fundi aliufungua ubao ule mbele yetu. Prosesa, RAM na diski vilikuwa vizima. Akatuonyesha mahali palipoungua, akasema, "Msiutupe ovyo. Bati linaloshika viungo hivi, na shaba iliyomo ndani, ni vitu ambavyo watu huchimba kwa jasho." Nasi tunajua kwamba bati huchimbwa Walikale na shaba kule Katanga. Tulinyamaza. Kwa ajili ya taa, tulikuwa tumeharibu jasho la watu wengi pamoja na la kwetu.

Dada ndiye aliyevunja ukimya njiani. "Mikono ilikuwa mitano," alisema. "Hata wangu ulikuwapo, kwa sababu nilichoka kubishana. Kwa nini mmoja alipe?"

Jioni ile tulikwenda kwao wote wanne. Mdogo wetu alipotuona mlangoni, hakungoja salamu. Aliingia ndani, akarudi na bahasha yenye dola 7. Alikuwa amebeba mizigo bandarini kwa majuma yale mawili. "Zilizobaki nitalipa polepole," alisema. Hatukuwa na neno la kujibu isipokuwa kuomba msamaha, na mama yake alisikia tulivyouomba. Fedha ile ilitiwa koponi, na kila mmoja wetu akaongeza 7 zake.

Ilituchukua miezi minne. Kasha la kioo tuliliuza kwa dola 35. Safari hii tulianza na stabilizateri, kisha kisanduku cha umeme kizito, na mwisho kasha la bati la ofisi, lenye kutu pembeni. Aliyeiwasha mashine mara ya kwanza alikuwa mdogo wetu; tulimsihi afanye hivyo, naye mkono ulimtetemeka. Iliwaka bila rangi wala sherehe, na mpaka leo inafanya kazi.

Katika vikundi vyetu, tujiulize: ni sauti ya nani tuliyoicheka ilipotushauri kununua kisichoonekana? Na kilipoharibika kilichoamuliwa na wote, ni nani tuliyemwacha aondoke peke yake, na je, tumekwisha kumfuata nyumbani kwao?