Springi Ngumu si Springi Njema

Mimi ni askari polisi mstaafu. Nilitumikia gereji kwa miaka 27 nikitengeneza malori na Land Rover, wala sikudhani kwamba ningekuja kuaibishwa na springi mbili.

Marehemu kaka yangu, aliyekuwa mwanajeshi, alituachia gari aina ya Datsun 240Z, lenye viti viwili na injini ya silinda 6. Vijana wa leo huenda hawalijui, lakini gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Kaka hakuchoka kutusimulia habari hiyo.

Mwaka 2022 binti yake alipochumbiwa, shemeji aliniomba jambo moja tu: bibi arusi apelekwe kanisani kwa gari la baba yake. Nikalikagua. Injini ilikuwa nzima, lakini upande wa nyuma lilikuwa limeketi kama kuku anayeatamia mayai.

Kazini nilizoea springi za mabapa yaliyopangwa moja juu ya jingine. Lori likilegea nyuma, tuliongeza bapa moja, nalo likasimama. Nikadhani hapa pia ni vivyo hivyo, ingawa gari hili lina springi za kujiviringisha, moja kwa kila gurudumu, zilizoizunguka shokomzoba. Nikaagiza springi za mashindano, ngumu karibu mara mbili ya zile za kwanza. Nikazifunga, na shokomzoba za zamani nikaziacha, maana hazikuvuja mafuta. Gari likainuka, nami nikajisifu.

Jumapili moja nilimchukua shemeji twende kijijini, mbele ya Masaka, kusafisha kaburi la kaka. Kwenye lami hapakuwa na neno. Tulivuka ikweta pale Kayabwe tukizungumza habari za arusi. Lakini tulipoingia barabara ya changarawe, yenye matuta madogo madogo yaliyofuatana, gari likaanza kurukaruka. Tulipofika kwenye kona magurudumu ya nyuma yakaiacha ardhi, mkia ukateleza, tukasimama hatua mbili tu kabla ya mtaro.

Shemeji alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Shemeji, marehemu alikuwa akiniendesha katika barabara hii hii, nami nikisinzia. Umelifanyaje gari lake? Mwanangu hatapanda humu."

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nilimwendea fundi mmoja mzee aliyepata kutengeneza magari ya mashindano, nikamweleza yote bila kuficha. Hakunicheka. Alinifundisha mambo ambayo ningepaswa kuyauliza mapema.

Kwanza, springi iliyozeeka hupoteza kimo zaidi kuliko ugumu. Gari letu lilihitaji kurudishiwa kimo chake, na mimi nililipa ugumu. Pili, kazi ya springi si kulibeba gari tu, bali pia kuliwezesha gurudumu kuifuata ardhi. Springi ikiwa ngumu mno kwa uzito wa gari, gurudumu hugonga tuta na kuruka, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara. Tatu, springi hurudisha nguvu iliyoipokea, na shokomzoba ndiyo imezayo nguvu hiyo. Kufunga springi ngumu juu ya shokomzoba iliyochoka ni sawa na kumfunga mbwa mkali kwa kamba mbovu.

Tukazitoa. Hapa nawaonya wenzangu mnaopenda kujitengenezea magari nyumbani. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumvunja mtu taya. Liegemezeni gari juu ya vigingi vya chuma, msitegemee jeki peke yake. Ibaneni springi kwa vibanio viwili vinavyotazamana, mkivikaza kwa zamu, wala msiifungue nati ya juu kabla springi haijaachana na kikalio chake. Msiikate wala kuichoma kwa moto ili kubadili kimo: kuikata huifanya fupi na ngumu zaidi, na moto huharibu chuma chake.

Tulifunga springi zinazozidi ugumu wa zile za kiwandani kwa robo tu, shokomzoba mpya zinazolingana nazo, na mipira mipya. Kisha, juu ya sakafu iliyo sawa, tukapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Vipimo vikalingana.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Nilikwenda kwa shemeji, nikamwomba radhi, nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la gari la mumewe. Nilikuwa fundi wa miaka mingi, nikaona haya kuuliza, kumbe kuuliza si ujinga. Alinitazama, akachukua kitambaa chake cha kichwa, akasema twende kaburini tena.

Tulipoingia barabara ya changarawe nilipunguza mwendo, mikono ikitoka jasho. Gari likayapita matuta bila kuruka. Kwenye kona ile ile mkia ulifuata kichwa kwa utulivu. Nikageuka nimwambie shemeji kwamba tumevuka. Sikumwambia neno, kwa kuwa alikuwa amesinzia.